Kupima hisi ya idadi kwa vitone: mwongozo kwa anayeanza kazi Lamu

Kila likizo ndefu wanafunzi wa saikolojia hurudi nyumbani Amu, yaani mji wa Lamu, na mradi mkononi, na maswali huwa yale yale. Nitumie vitone vingapi? Vikae kwenye skrini kwa muda gani? Mbona bibi yangu, ambaye hapunjwi hata shilingi sokoni, amepata nusu tu? Mwongozo huu unajibu hayo. Nimemwandikia mtu ambaye hajawahi kuendesha jaribio hata moja, ana laptopu moja, na atafanyia kazi Langoni, Mkomani au Shela, au atapanda boti kwenda Matondoni na Faza. Aliye Malindi aufuate vile vile, habari za boti azipite.

Tunachopima ni hiki. Mwekee mtu mafungu mawili ya nyanya, moja la 10 na jingine la 20, atakuonyesha lenye nyingi kabla hujamaliza kuuliza. Hakuhesabu. Sasa weka la 18 na la 20: atasita, na mara nyingine atakosea. Uwezo huo wa kuona wingi bila kuhesabu ndio hisi ya idadi, na ugumu wake hufuata uwiano wa namba mbili, haufuati tofauti yake. Kati ya 8 na 16 kuna nane, kati ya 32 na 40 kuna nane pia, lakini jozi ya kwanza ni rahisi na ya pili inasumbua. Hata watoto wachanga wa miezi sita hutofautisha vitone 8 na 16, ila 8 na 12 huwashinda, kama walivyoonyesha Fei Xu na Elizabeth Spelke mwaka 2000. Na Wamunduruku wa Amazon, ambao lugha yao haina majina ya namba kupita tano, walilinganisha mafungu makubwa ya vitone karibu sawa na Wafaransa katika utafiti wa Pierre Pica na wenzake wa 2004. Nadharia inatosha hapo.

Jambo moja lishike tangu sasa. Skrini ya vitone haibebi idadi peke yake. Kuna ukubwa wa kila kitone, kuna jumla ya rangi iliyojaa, kuna nafasi ambayo vitone vimetandaa. Mshiriki anaweza kupatia raundi nyingi kwa kutazama hivyo tu, bila idadi kumpitia akilini. Kazi yako karibu yote ni kuziba njia hizo za mkato moja baada ya nyingine.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Vibali. Kwanza kamati ya maadili ya chuo chako, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kisha ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla hujakanyaga shule yoyote. Kwa mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Ruhusa ya mwalimu mkuu au ustadhi wa chuo cha Kurani haichukui nafasi ya mzazi. Anza na haya mapema, maana huchukua muda mrefu kuliko kukusanya data yenyewe.
- Laptopu moja, ile ile kwa washiriki wote. Usichanganye ya kwako na ya rafiki.
- Programu ya PsychoPy. Ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ukishaipakua. OpenSesame nayo ni nzuri. Ipo pia Panamath, iliyotoka kwa Justin Halberda na wenzake, ambayo huja ikiwa tayari. Ichezee ili uone jaribio linavyokaa, lakini kwa mradi wako tengeneza vitone mwenyewe ujue kilichomo.
- Tepu ya fundi cherehani, ya kupima umbali wa macho na skrini.
- Kiti kisicho na magurudumu, meza, na kitambaa kizito cha kuzuia mwanga.
- Stika mbili za kubandika kwenye vitufe vya kushoto na kulia.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kumbukumbu.
- Mkoba usioingia maji, ikiwa utasafiri kwa boti.
- Msaidizi. Kama wewe ni mwanamume na utaingia majumbani kuwapima kina mama, tafuta msaidizi mwanamke na umfundishe vizuri. Hili si la kujadili.

Hatua

1. Andika swali lako kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Je, watoto wa darasa la tatu wenye hisi kali ya idadi hupata alama za juu zaidi za hesabu?" Sentensi ikikushinda, usifungue laptopu bado. Na hapo hapo amua idadi ya washiriki. Utafiti uliokusanya matokeo ya wengi, uliofanywa na Michael Schneider na wenzake mwaka 2017, ulikuta uhusiano wa takriban 0.24 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) kati ya majaribio ya vitone na umahiri wa hesabu. Uhusiano mdogo kiasi hicho unahitaji washiriki zaidi ya 130 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuuona. Ukija na watoto 20 usione kitu, hujaonyesha kwamba uhusiano haupo. Hukuwa na watu wa kutosha, basi. Kama huwezi kufikia namba hiyo, badilisha swali: pima namna usahihi unavyoshuka kadiri uwiano unavyokaribiana. Hilo huonekana kwa watu wachache, na ni mradi mzuri wa shahada ya kwanza.

2. Chagua jozi za namba. Tumia uwiano sita, kuanzia rahisi hadi mgumu:

- 2.0: 6 na 12, 8 na 16, 10 na 20
- 1.5: 8 na 12, 10 na 15, 12 na 18
- 1.33: 9 na 12, 12 na 16, 15 na 20
- 1.2: 10 na 12, 15 na 18
- 1.14: 7 na 8, 14 na 16
- 1.11: 9 na 10, 18 na 20

Usitumie namba za 4 kushuka. Vitu vitatu au vinne jicho huvijua papo hapo na bila kukosea, na huo ni uwezo mwingine kabisa. Mwaka 1871 Stanley Jevons, mwanauchumi wa Uingereza, alirusha maharagwe meusi kwenye kisanduku na kutaja idadi yake kwa mtazamo mmoja, mara 1,027. Kwenye 3 na 4 hakukosea hata mara moja, na kuanzia 5 makosa yakaingia. Ukitaka kuwaelewesha wazazi unachofanya kabla hawajatia sahihi, rudia kazi yake pale pale kwa mbaazi na sinia: rusha, funika, waulize. Wataelewa kuliko kwa maelezo ya kurasa mbili.

3. Tengeneza vitone. Hapa ndipo miradi mingi huharibika, kwa hiyo tukae.

Chukua jozi ya 10 na 20. Ukichora vitone vyote kwa kipenyo cha milimita 12, upande wa 20 utakuwa na rangi maradufu ya upande wa 10. Mshiriki akichagua upande wenye rangi nyingi, amepatia, na wewe umeandika kwamba ana hisi kali ya idadi. Hujapima kitu.

Punguza kipenyo cha vitone 20 hadi milimita 8.5, yaani 12 ugawe kwa kipeuo cha pili cha 2. Sasa jumla ya rangi ni sawa pande zote mbili. Punguza tena hadi milimita 6: upande wa 20 una nusu tu ya rangi ya upande wa 10. Anayefuata rangi hapa atakosea, na anayefuata idadi atapatia. Raundi za aina hii tuziite *pinzani*, na zile ambazo wingi na rangi vinakwenda pamoja tuziite *patanifu*. Nusu ya raundi zako ziwe patanifu, nusu pinzani, katika kila uwiano. Si kwa jumla tu.

Ukiishia hapo bado kuna mwanya: katika raundi pinzani, kitone kimoja kidogo kinatosha kumwambia mshiriki "huku ndiko kwenye vingi". Kwa hiyo ndani ya kila upande changanya ukubwa. Vingine viwe vikubwa kidogo na vingine vidogo kidogo kuliko wastani, kwa bahati nasibu, ila jumla ibaki uliyopanga.

Kisha kuna nafasi. Fikiria uzi uliozungushwa kwa nje, ukigusa vitone vya pembeni. Eneo lililo ndani ya uzi huo huwavuta watu sana, pengine kuliko rangi. Vitone 20 vikitawanywa ovyo huelekea kutandaa kuliko vitone 10. Kwa hiyo lipime eneo hilo kwa kila picha, na uhakikishe kwamba katika nusu ya raundi upande wenye vichache ndio uliotandaa zaidi. Hutaweza kusawazisha kila kitu kwa pamoja. Hakuna aliyeweza, kwa sababu idadi ikibadilika lazima kitu kingine kibadilike nayo. Unachoweza ni kuandika kwenye faili la kila picha vipimo vyake vyote: idadi, jumla ya rangi, kipenyo cha wastani, eneo la uzi. Anayekuja baada yako ataweza kukukagua.

Weka vitone vyeusi kwenye mandhari ya kijivu, kushoto na kulia, na mstari mwembamba katikati. Wapo wanaochanganya vitone vya bluu na vya njano mahali pamoja. Mpangilio huo una historia nzuri, maana ndio Halberda, Mazzocco na Feigenson walioutumia mwaka 2008 kwa vijana 64 wa miaka 14, lakini humlazimisha mshiriki kwanza atenganishe rangi. Kwa anayeanza, napendekeza pande mbili. Na usilinganishe namba zako na za aliyetumia mpangilio tofauti.

4. Panga muda. Skrini nyingi za laptopu hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo picha moja hukaa milisekunde 16.7. Muda unaoutaka uwe kigawe cha hapo: picha 12 ni milisekunde 200, picha 30 ni 500, picha 45 ni 750. Kwa watu wazima kwa jumla tumia 500. Ukiwa na wazee miongoni mwao, tumia 750 kwa wote. Kuhesabu kitu kimoja kimoja huchukua karibu robo sekunde au zaidi kwa kila kimoja, kwa hiyo hata kwa 750 hakuna atakayemaliza upande mmoja. Watoto wa chekechea wape 1,500 hadi 2,000, lakini wakae peke yao kwenye uchambuzi.

Vitone vikitoweka, skrini ibaki kijivu ikisubiri jibu. Usiweke kikomo cha muda wa kujibu. Baada ya jibu, msalaba mdogo katikati kwa milisekunde 500, kisha raundi inayofuata.

5. Pangilia raundi. Uwiano sita, kila mmoja raundi 20, jumla 120. Katika kila 20, kumi jibu sahihi liwe kushoto na kumi kulia, na kila upande uwe na tano patanifu na tano pinzani. Changanya mpangilio upya kwa kila mshiriki. Weka mapumziko baada ya kila raundi 40.

Usawa wa kushoto na kulia ni muhimu popote, lakini Lamu ni muhimu zaidi. Mtoto wa hapa asubuhi husoma kuanzia kushoto shuleni na jioni kuanzia kulia kwenye chuo cha Kurani. Samuel Shaki na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba Wakanada huhusisha namba ndogo na kushoto, Wapalestina huzihusisha na kulia, na Waisraeli, wanaosoma maneno kwa upande mmoja na tarakimu kwa upande mwingine, hawakuonyesha mwelekeo wowote wa wazi. Usidhani mwelekeo wa mtoto wako unaujua.

6. Andika maneno utakayosema, na uyaseme hivyo hivyo kwa kila mtu. Haya yamefanya kazi vizuri:

"Utaona vitone huku na huku, kwa muda mfupi sana. Nionyeshe upande wenye vitone vingi kwa idadi. Viwe vikubwa au vidogo, usivijali. Usihesabu, hutawahi. Usipokuwa na uhakika, kisia tu. Huu si mtihani, na hakuna anayepata zote."

Usiseme unapima hesabu. Mama aliyeachia shule darasa la nne akisikia "hesabu" atakaza mabega, na utapima woga wake. Kwenye fomu ya idhini andika ukweli wenyewe: unachunguza jinsi watu wanavyokadiria wingi kwa macho. Na usikimbilie laptopu. Kwa mkubwa ni shikamoo kwanza, ujulie hali, ueleze wewe ni mtoto wa nani, ndipo uombe.

7. Andaa mahali na wakati. Daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lina upepo na kila mtu hulipenda, lakini mpita njia atasimama na kujibu kwa sauti kabla ya mshiriki. Ingia ndani. Skrini isitazame dirisha wala mlango, kwa kuwa mwanga wa mchana wa huku hufuta vitone kabisa. Ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho na uzime ule mpangilio wa kuupunguza wenyewe betri ikishuka. Macho yawe sentimita 57 hadi 60 kutoka kwenye skrini. Kwa sentimita 57, kitu cha sentimita moja huchukua nyuzi moja ya upeo wa macho, na hiyo ndiyo namba utakayoandika kwenye ripoti.

Jua ratiba ya mahali. Adhana ikilia, simama. Ijumaa adhuhuri usipange mtu. Mwezi wa Ramadhani pima asubuhi tu, na wiki ya Maulidi usijaribu kabisa, mji umejaa wageni. Mvuvi naye hupangwa na maji: muulize kwanza kama ni bamvua au maji mafu, ndipo muahidiane.

8. Kagua macho, kisha fanya mazoezi. Kwanza muonyeshe 10 na 20 bila kikomo cha muda, mara nne. Akikosea hata moja, shida ni macho au maelezo, na hupaswi kuendelea. Mwulize kama ana miwani ameiacha ndani. Kisha raundi kumi za mazoezi kwa muda kamili, ukimwambia kila mara kama amepatia. Katika raundi 120 zenyewe usimwambie kitu.

9. Endesha. Kaa nyuma yake kidogo, pembeni, ambapo huoni skrini. Ukiiona, uso wako utajibu. Vijana na watu wazima waliozoea kompyuta wabonyeze wenyewe. Wazee na watoto wadogo waonyeshe kwa mkono, na wewe ubonyeze ukitazama mkono tu. Katika hali hiyo muda wa kujibu ni wa kidole chako, usiutumie kwenye uchambuzi.

Tazama midomo. Mtu anayehesabu hujulikana: midomo inacheza, kidevu kinatikisika kidogo, kidole kinagonga goti. Mkumbushe kwa upole kwenye mapumziko, na uandike daftarini raundi ulizoona hivyo.

10. Hifadhi. Mpe mshiriki namba, si jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye daftari tofauti, ndani ya kabati lenye kufuli. Nakili faili kwenye fleshi siku hiyo hiyo.

11. Piga hesabu za matokeo. Anza na asilimia ya majibu sahihi: kwa jumla, kwa kila uwiano, na kwa patanifu na pinzani mbali mbali. Chora mstari wa usahihi kwa uwiano. Ukiona unashuka taratibu kutoka 2.0 hadi 1.11, jaribio lako linapumua.

Wengi hukimbilia namba ya Weber, yaani w, kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Ni kipimo cha ukungu wa hisi: ikiwa ndogo, hisi ni kali. Watu wazima wengi huangukia kati ya 0.1 na 0.3. Kwenye jedwali la kompyuta, namba ndogo ikiwa A2, kubwa B2, na w ikiwa D1, usahihi unaotarajiwa ni:

=NORMSDIST((B2-A2)/(D1*SQRT(A2^2+B2^2)))

Weka 0.2 kwenye D1 uone: 10 na 20 itakupa asilimia 99, 10 na 12 itakupa 74, 18 na 20 itakupa 64. Kupata w ya mshiriki, jaribu thamani kuanzia 0.05 hadi 1.00, ukipanda kwa 0.01, na uchague ile ambayo matarajio yake yako karibu zaidi na usahihi wake halisi katika jozi zote.

Rai yangu kwa anayeanza: asilimia ya usahihi iwe kipimo chako kikuu, w iwe ya ziada. Matthew Inglis na Camilla Gilmore walilinganisha vipimo hivi mwaka 2014 wakapendekeza usahihi, kwa kuwa hutulia zaidi mtu akipimwa mara ya pili.

Mwisho, gawa raundi za kila mshiriki kwa namba shufwa na witiri, upate usahihi wa kila nusu, na utafute uhusiano wa nusu hizo mbili kwa washiriki wote. Ukiwa chini ya 0.7, usiripoti uhusiano na kitu kingine chochote kabla hujapata sababu.

Je, mstari wa namba?

Wanafunzi huuliza kama wanaweza kutumia mstari wa 0 hadi 100 badala ya vitone, kwa kuwa hauhitaji umeme. Unaweza: karatasi, mstari wa sentimita 25, mtoto aweke alama pa 40. Akiweka kwenye sentimita 14, ameweka 56, na kosa lake ni asilimia 16. Ni kipimo kizuri, na Robert Siegler na John Opfer walikitumia vizuri sana mwaka 2003. Lakini mtoto lazima ajue tarakimu, kwa hiyo kinapima kitu kingine. Usikiite kwa jina la kile cha vitone.

Mambo yakikwama

*Wote wanapata zaidi ya asilimia 95.* Muda ni mrefu au jozi ni rahisi. Punguza hadi 500, ongeza raundi za 1.14 na 1.11. Fanya majaribio ya awali kwa watu watano, uligundue hili kabla ya kazi yenyewe.

*Mtu amepata karibu nusu.* Katika raundi 120, aliye chini ya takriban 70 sahihi huwezi kumtofautisha na anayebahatisha. Tazama kwanza kama amebonyeza upande mmoja muda wote, kisha macho, kisha kama alielewa. Huyo bibi wa sokoni karibu kila mara ni macho au mwanga. Usimtafutie w. Kompyuta itakupa namba kubwa ya ajabu isiyo na maana yoyote.

*Amepata asilimia 20.* Vitufe vimebadilishana, au alikuwa akionyesha vichache. Hakuna anayekosea hivyo kwa bahati.

*Patanifu 95, pinzani 60.* Anafuata ukubwa. Kwa watoto hili ni la kawaida, na baadhi ya watafiti, akiwemo Gilmore, wameonyesha kwamba raundi pinzani hupima pia uwezo wa kujizuia kufuata kinachovuta macho. Ripoti zote mbili. Usifute pinzani ili wastani upendeze.

*Mtoto anageuka kukutazama kila raundi.* Anatafuta jibu usoni mwako. Sogea nyuma zaidi, au umwache mzazi amkalishe, mzazi naye atazame pembeni.

*Nusu ya pili imeshuka sana.* Amechoka, au joto. Gawa kazi vikao viwili vya raundi 60.

*Naweza kutumia simu?* Ikiwa ni simu moja kwa wote, kubwa, na kidole hakifuniki vitone. Kutuma kiungo kila mtu afanyie kwake hakufai kwa mradi wa kwanza, maana hujui skrini, umbali wala mwanga.

*Msimamizi anataka niseme hisi ya idadi ndiyo inayoleta alama nzuri.* Kwa data ya siku moja huwezi. Umeona vitu viwili vikienda pamoja. Huenda hisi husaidia hesabu, huenda masomo hunoa hisi, huenda umakini unabeba vyote. Andika hivyo hivyo.

*Laptopu imezima katikati.* Usimwendeleze pale alipoishia, na usirudie siku hiyo. Mrudie baada ya siku chache kwa mpangilio mpya wa raundi, na uandike daftarini kwamba huu ni mkono wake wa pili. Ili usipoteze data, ukilazimika kukatiza jaribio toka kwa kitufe cha Esc, ambacho huiacha PsychoPy ihifadhi kilichokwisha. Usibonyeze kitufe cha kuzimia mashine. Na kabla ya kupanda boti ya kurudi, fungua kila faili la siku hiyo uhesabu mistari: iwe 120 kwa kila mshiriki, na yule aliyepungua umfuate kungali mapema.